Mwanzi wa Mikato Miwili

Magsingal, Ilocos Sur,
Novemba 14, 1988.

Mpendwa mdogo wangu Loreta,

Salamu nyingi zikufikie huko Hawaii, pamoja na harufu ya moshi wa mianzi ambayo mpaka leo haijatoka kwenye nywele zangu. U hali gani? Mgongo umepoa? Barua yako ya Septemba ilisema magodoro unayogeuza kazini hotelini ni mazito kuliko jembe la marehemu Tatang, baba yetu, nikacheka, kisha nikajuta kucheka. Jisugue kwa mafuta ya nazi yaliyopashwa moto kabla ya kulala, wala usione haya wenzako wakisema unanuka jikoni.

Sisi huku ni wazima wa kutembea na kula. Magoti yangu yananisumbua nikichutama, lakini nani wa umri wangu asiyelalamikia magoti. Mama yetu Nanang anaendelea, ila macho yake yamezidi kufifia tangu nilipokuandikia mara ya mwisho. Sasa anaona mwanga na kivuli, basi. Mimi ananitambua kwa kikohozi changu, na Shangazi Pacing anamtambua kabla hajafika langoni, maana mdomo wa yule mama hutangulia miguu.

Kifurushi chako kilifika salama. Sweta imemkaa Nanang vizuri, anaivaa hata jua likiwa kali. Sabuni alizigawa Shangazi Pacing kana kwamba ndiye aliyezinunua, na moja nilimwona akiitia kifuani. Mvua zilikatika mapema mwaka huu, na mpunga wa kunata umetoka vizuri, punje nene na nyeupe. Najua ungependa kusikia hilo.

Loreta, hii ni karatasi ya nne. Tatu nimezichana. Nina neno la kukuambia, na nusu yake ni kosa langu, kwa hiyo nakuomba ulisome taratibu na usiruke mistari kutafuta mwisho kama ulivyokuwa ukifanya na vitabu vya shule. Mwanzi wa Melecio umepasuliwa. Mimi ndiye niliyeupasua.

Wewe uliondoka miaka tisa iliyopita, kaka yako Melecio alipokuwa bado anarudi nyumbani kutoka melini kila likizo na mikebe ya biskuti. Huenda umesahau mambo ya tinubong, ule mchele wa kunata tunaouoka ndani ya mianzi kila Novemba, yalivyokuwa, kwa hiyo nivumilie nikikukumbusha. Kabla ya kutia uji wa mchele kwenye mianzi, Nanang alichonga alama chini ya kila mmoja: mkato mmoja wangu, miwili wa Melecio, mitatu wako, kwa jinsi tulivyozaliwa, ili tusigombane nani kapata mkubwa. Ya marehemu haikuwa na alama. Nanang alisema waliokufa hawagombanii kitu. Hiyo tuliipasua sisi na kuiweka wazi kwenye sahani, mbele ya picha zao, kwa kuwa wao hawana mikono ya kupasulia. Lakini mwanzi wa mtu aliye hai haukupasuliwa na mtu ila mwenyewe. Kofi ulilokula siku ile ulipopasua wangu nadhani bado linawasha.

Ambayo hukuyaona wewe ni yaliyofuata baada ya meli ya Melecio kupotea. Barua ya kampuni ilisema kwamba hajulikani alipo. Nanang aliniambia niisome tena, nikaisoma tena, kisha akaikunja akasema, "Mtu asiyejulikana alipo, yupo mahali." Basi. Hakuvaa nguo nyeusi. Hakutaka sala za siku tisa. Padri alipokuja kumpa pole alimkaribisha kahawa, akamwuliza pole ni ya nini.

Kila Novemba aliendelea kuchonga mwanzi wa mikato miwili. Tuliuoka pamoja na mingine, tukautundika jikoni kando ya wako, ile miwili ya watoto wasiopo, ikingoja wenyewe. Siku ya nne harufu ikishakuwa chungu, mimi niliishusha na kwenda kuilaza chini ya kichaka cha mianzi nyuma ya zizi, mizima, haijapasuliwa. Sisimizi ndio waliojua namna ya kuingia. Nilifanya hivyo miaka saba. Nilikuwa nikimtania Nanang kwamba watoto wake wasiokuwepo wanakula kuliko mimi ninayemfulia nguo, naye alicheka. Huo ulikuwa utani wetu, Loreta, lakini nikifika kule nyuma ya zizi sikuwa na utani wowote.

Sasa wewe mwezi wa tisa ukaandika kwamba miaka saba inatosha, kwamba mwaka huu tumwekee kaka yako sahani, apate kula na wenzake. Niliisoma barua yako yote kwa sauti, sikuchuja. Nanang alikuwa akipukutisha majani ya mlonge kwenye ungo. Vidole havikusimama.

"Mwambie Loreta," akasema, "aje amwekee mwenyewe, kama mkono wake ni mwepesi hivyo."

Sikukuandikia jibu hilo. Nilikuandikia kwamba Nanang anakusalimu sana. Nisamehe, lakini nilikukasirikia pia. Kusema sahani iwekwe ni rahisi ukiwa mbali. Anayeiweka ndiye anayebaki mezani na mama.

Tarehe thelathini na moja Oktoba tulisaga mchele. Shangazi Pacing alikuja na mkono wake mmoja mzima na ule wenye baridi yabisi, akazungusha jiwe la kusagia huku akinisema. Nikawa nakamua tui na kuchanganya na unga, nazi changa na sukari guru.

"We Narcisa," akasema, "huo ni uji wa tinubong au maji ya kuogeshea bata?"

"Shangazi, wewe saga."

"Nasaga kwa mkono. Mdomo uko huru."

"Ungefungwa mdomo, mkono ungeenda mbio."

"Msikieni mjane huyu. Ndiyo maana hajapata wa pili."

Nanang alikuwa kwenye kigoda chake karibu na mlango, mianzi mibichi imepangwa miguuni pake, na kisu kidogo cha Tatang mkononi, kile chenye mpini wa pembe. Alichonga kwa kupapasa. Alipima kwa kidole gumba, akakata, akapuliza unga wa mwanzi, akapapasa tena. Mmoja. Miwili. Mitatu. Mingine yote, ya marehemu na ya kuwapa majirani, aliiacha bila alama.

Miaka yote kujaza ni kazi yake. Robo tatu, wala usizidishe, maana uji wa kunata huumuka ukipata moto. Asubuhi ya Watakatifu Wote alijaribu kujaza, mkono ukatetemeka na uji ukamwagika kwenye sketi yake. Akanipa upawa. "Jaza wewe. Unajua kiasi."

Nilijua kiasi. Nilijaza wa babu, wa bibi, wa Tatang, wangu, wako. Nilipofika kwa Melecio, sijui ni kitu gani kilichoniingia. Labda ni barua yako. Nilifikiri, mtoto huyu miaka saba anapewa robo tatu na sisimizi, na mwakani labda Nanang hatakuwepo tena wa kumchongea. Nikamjazia mpaka mdomoni. Nikaongeza na kijiko kimoja cha sukari guru juu, kama alivyokuwa akiiba utotoni. Nikaziba kwa jani la mgomba na kuulaza kwenye makaa na wenziwe, na moyoni nikaona nimemtendea wema ndugu yangu.

Unajua kinachotokea. Uji uliumuka, ukasukuma jani, sukari ikafurika ikateremka ubavuni mwa mwanzi ikachemka na kuganda nyeusi juu ya majivu. Iliteremka hadi chini kabisa, ikaingia kwenye ile mikato miwili na kuijaza. Nilikuwa nageuza mianzi huku nafukuza moshi machoni, na Shangazi Pacing yuko sikioni anasimulia ugomvi wa shemeji yake. Nilipoitoa kwenye moto, wa Melecio ulikuwa mweusi na laini kote. Ulifanana na mianzi isiyo na alama.

Mchana tuliandaa meza mbele ya picha. Nilitandika kitambaa cheupe, nikaweka sahani tatu, sigara moja ya Tatang na kikombe cha mvinyo wa miwa. Nikachukua mianzi mitatu isiyo na alama. Nikaigonga kwa mgongo wa panga kuzunguka kote ili itoe kilichomo, nikaipasua. Wa tatu, niliouweka kwenye sahani ya Tatang, ulikuwa umejaa kuliko mingine, na nikajiambia kwamba Tatang mwaka huu amebahatika.

Tulisali rozari. Kisha Nanang akasimama mbele ya meza kuwaita marehemu, kama afanyavyo siku zote, kwa sauti ya kuita watu walio shambani. Alimwita baba mkwe wake, akamwita mama mkwe wake. "Crispulo," akamwita Tatang, "njoo ule, na ukimaliza usivutie sigara humu ndani." Shangazi Pacing akacheka. Mpaka hapo siku ilikuwa nzuri, Loreta, na mimi ningetoa chochote ibaki pale.

Akarudi kwenye kigoda akaniomba yenye alama. Nikampa mapajani yote iliyobaki, ila michache ya majirani niliyokwisha kuitia kapuni. Akapapasa. Wangu huu, akaniwekea pembeni. Wako huu, akaulaza kwenye paja. Akaendelea kupapasa, mmoja baada ya mwingine, akafika mwisho, akaanza upya.

"Wa mikato miwili uko wapi?"

Nikasema labda umebaki kwenye majivu. Nikatoka nikachokoa majivu kwa fimbo nikijua kabisa hakuna kitu. Niliporudi nilipita mbele ya meza, na ndipo nikaona. Pale ambapo mgongo wa panga uligonga, sukari nyeusi ilibanduka kama gamba, na kwenye nusu ya mwanzi iliyokuwa kwenye sahani ya Tatang mikato miwili ilikuwa inanitazama.

Sasa hapa ndipo nilipofanya ujinga juu ya ujinga. Nilichukua mmoja wa mianzi ya majirani, nikaingia jikoni, nikashika kisu cha kukatia samaki, nikachonga mikato miwili haraka haraka. Nikapaka masizi. Shangazi Pacing alisimama mlangoni ananiangalia, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema neno.

Nilimpelekea Nanang. "Huu hapa. Ulikuwa umebingirikia pembeni."

Aliupokea kwa mikono miwili. Akapitisha kidole gumba chini, mara moja, taratibu. Kibanzi kikamchoma, akakitoa kwa meno, akapitisha tena kidole.

"Narcisa," akasema, "hiki si kisu cha baba yako."

Nikaanza kufuta masizi vidoleni.

"Na mkato wa kabla ya moto hauchomi. Moto huulainisha." Alisema hayo bila hasira, kama mtu anayenifundisha kazi. "Wake uko wapi?"

Nilimwambia. Niliongea nikiwa nimeangalia sakafu. Nilisema uko kwenye sahani ya Tatang, nimeupasua mimi, sukari ilifunika alama kwa sababu niliujaza kupita kiasi, nilitaka apate mwingi. Niliongea mengi. Nilisema naweza kuufunga tena kwa kamba, ona upumbavu wangu, kana kwamba mwanzi uliopasuliwa unafungika.

Nanang akanyoosha mkono. "Nipeleke."

Nilimshika kiwiko nikampeleka mezani. Akapapasa sahani ya babu, akaiacha. Ya bibi, akaiacha. Kwenye ya Tatang vidole vyake vikaipata mikato, vikatulia juu yake. Nje jogoo wa jirani anawika, watu wanapita na mishumaa na maua kwenda makaburini, na sisi watatu tumesimama tu. Nilidhani ataanguka. Nilidhani atauchukua na kuurudisha kifuani pake, na ningemwacha aurudishe, ningekula kiapo mbele ya padri kwamba haujapasuliwa.

Alimega kipande kidogo akakionja.

"Umeiva vizuri," akasema. "Sukari umezidisha."

"Ndiyo, Nanang."

"Anapenda hivyo." Akafuta vidole kwenye sketi. Kisha akasema, "Sasa baba yako atakula nini? Mletee wake. Na huu utafutie sahani yake."

Nilileta sahani ya nne, Loreta. Ile yenye ua la bluu ukingoni, iliyopasuka kidogo, aliyopenda kulia wali. Niliiweka mwishoni mwa meza, nikatia humo mwanzi wake. Kwenye sahani ya Tatang nikapasua mwingine. Nanang akasimama kama alivyosimama mwanzo, akanyoosha kitambaa cha meza ambacho hakikuwa kimekunjamana, akaita.

"Melecio. Mwanangu. Njoo ule."

Sauti haikuwa ile ya kuita mtu aliye shambani. Ilikuwa ndogo, kama anamwamsha mtoto na hataki kumshtua. Shangazi Pacing alikaa chini pale pale sakafuni akalia kwa sauti, akilia na mkono wake mbovu umefumbatwa na ule mzima. Mimi nililia nimesimama. Nanang hakulia. Alinikabidhi ule mwanzi niliouchonga kwa uongo akasema, "Huu kwangua alama zake, uwape majirani. Kisha kaa ule wako. Hujala tangu asubuhi."

Nikakaa nikapasua wangu. Ulikuwa mtamu, na nilikuwa na njaa, na hilo nalo limenitia aibu mpaka leo.

Siku ya pili, Siku ya Marehemu, nilimkuta Nanang amekaa kitandani amevaa gauni jeusi, lile la msiba wa Tatang. Lilikuwa limempwaya mabegani. Alikuwa amefunga vifungo vyote mwenyewe, na kimoja amekikosea. Nikamfungia upya.

Aliniomba nimpeleke kwenye msalaba mkubwa ulio katikati ya makaburi, pale wanapowashia mishumaa watu ambao maiti zao hazikurudi. Miaka saba tulipita kando ya msalaba ule kwenda kwa Tatang, na miaka saba Nanang aligeuza uso upande wa pili, ingawa mwishoni macho hayakuona tena cha kugeuziwa. Safari hii alipiga magoti kwenye nta ya watu wengine. Aliwasha mshumaa, akauliza kama umewaka. Nikamwambia umewaka. Akauliza tena baada ya muda, nikamwambia bado unawaka. Hapo ndipo alipolia. Alilia mpaka wanawake wa familia nyingine wakaja kumshika, na hakuna aliyeuliza kwa nini leo, baada ya muda wote huo.

Sala za siku tisa tulianza jioni hiyo hiyo. Watu walikuja kama vile habari imefika jana. Walileta kahawa na mikate, wakaketi kwenye mabenchi ya kuazima. Siku ya tatu Adela alisimama langoni na watoto wake wawili, hathubutu kuingia. Unakumbuka walikuwa waoane Melecio akirudi. Nanang hakumsemesha tangu siku alipoolewa na mtu mwingine. Mtu akamnong'oneza Nanang nani yuko langoni. Akasema, "Mwacheni aingie. Yeye alijua mapema kuliko mimi." Adela akaja akaushika mkono wa Nanang akauweka kwenye paji la uso wake, kama tunavyowaamkia wazee, na wakakaa hivyo.

Ndugu yangu, usifikiri nakuandikia haya ili nikwambie kwamba ulikuwa sahihi. Huenda ulikuwa sahihi. Lakini nimeona bei yake usoni mwa mama yetu. Tangu sala ziishe halali mchana wala hapigi gumzo. Anakaa kwenye kigoda chake, na nikiuliza anawaza nini anasema hawazi kitu. Zamani kila gari likisimama barabarani aliinua kichwa. Sasa hainui. Nilichokuwa nikikitania ndicho kilichokuwa kikimnyoosha mgongo, na mimi nimekivunja kwa upawa wa uji. Nikiwaza hivyo nashindwa kupika. Wakati mwingine nawaza kwamba bora imekuwa hivi, kwamba Melecio amengoja sana kula. Nashinda nikienda huku na kule kati ya mawazo hayo mawili, na hakuna ninayeweza kumwambia ila wewe.

Mganga wa kituo cha afya alikuja kumpima. Alisema moyo wake umechoka, asipande ngazi wala asishtuliwe. Hakusema zaidi, nami sikumwuliza zaidi. Wewe si mtoto, utaelewa.

Siku ya nne nilikwenda jikoni kushusha yaliyotundikwa, kama kila mwaka. Msumari mmoja ulikuwa mtupu. Kwa mara ya kwanza nilikuwa na mwanzi mmoja tu wa kupeleka nyuma ya zizi, wako. Nanang alisikia hatua zangu akaniita. Aliuomba. Akaupapasa alama, akahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, akanirudishia.

"Huu asije akaupasua mtu mwingine," akasema. "Umenisikia, Narcisa? Hata kwa makosa."

Nilimwambia nimesikia. Nikaenda nikaulaza chini ya kichaka. Nilikaa pale muda mfupi kuliko kawaida, Loreta, kwa sababu niliogopa kuuona uko peke yake.

Najua habari ya karatasi zako za ukaazi huko. Najua wakili anasema ukitoka sasa hutarudi, na kila mwaka anasema zitatoka mwaka ujao. Sikulaumu, na wala sitaki kukutisha kwa kumtumia mama. Lakini nimekaa miaka yote hii baina yenu, nikichuja maneno ya huyu na kusafisha ya yule, na leo nimechoka kuchuja. Kwa hiyo nakuambia bila kuzunguka: Nanang anakungoja wewe tu sasa. Kungoja kote alikokuwa akiwagawia watoto wawili, sasa ni kwako peke yako.

Novemba ijayo tutasaga tena. Kama Nanang bado ana nguvu za kushika kisu cha Tatang, atachonga mikato mitatu. Nitajaza mimi. Nitajaza robo tatu tu, sitaongeza hata kijiko, na nitakaa mbele ya moto nisibanduke, hata Shangazi Pacing aniite majina gani. Alama yako haitafunikwa na kitu. Lakini ukija wewe, jaza wako mwenyewe unavyotaka, ufurike, uteketee, ufanane na mingine yote. Utakuwepo wa kusema kwamba ni wako.

Shangazi Pacing anakusalimu, anasema sabuni zinazofuata ziwe za waridi. Adela anakusalimu na kukuombea. Anakusalimu pia binamu Ruperto, aliyetuletea mianzi na hakutaka kahawa. Nanang amenisikia nikikuandikia, akauliza barua ni ndefu kiasi gani, nikamwambia ni ndefu. Akasema basi asiongeze kitu, nikuambie tu ule vizuri na usitembee na nywele mbichi.

Mungu akulinde njiani na kazini, akulainishie mioyo ya watu wenye mihuri, na akulete nyumbani miguu yako mwenyewe ikikubeba.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata ninapokugombeza,

Narcisa